Wekeni Ukuta, Jamani! Modemu Haina Haki ya Kugusa Mota

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu wiki tatu, na wale wasomaji wangu waaminifu (mnajijua, wote wanne) wameanza kuuliza kama nimetumbukia Thingithu. Sijatumbukia. Nilikuwa na hasira, na nililelewa nikiambiwa mtu asiandike barua akiwa na hasira. Sasa imepungua. Haijaisha. Kwa hiyo leo hakuna mafunzo ya hatua kwa hatua kama mlivyozoea. Leo nagomba.

Naanza na kisa, na mkosaji wa kwanza ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja (jina naliacha) ilinipa mkataba wa kuandika programu ya kidhibiti cha pampu ya maji. Ni sanduku dogo la kubeba kwa mkono mmoja. Ndani mna maikrokontrola moja, modemu yenye laini ya simu, na saketi ya kuwasha na kuzima mota. Mkulima analipa pampu kidogo kidogo kwa simu. Akilipa, seva inatuma SMS na pampu inafunguliwa. Asipolipa, inafungwa. Sanduku hilohilo linapima kiwango cha maji kisimani, kwa sababu pampu ikizunguka kwenye kisima kikavu huungua. Hilo halihitaji digrii, kila mkulima analijua.

Niliandika programu kama wengi wetu tunavyoandika: rundo moja. Sehemu ya kusoma SMS, sehemu ya kuhesabu malipo, sehemu ya kupima maji na sehemu ya kuendesha mota zote zilikaa kwenye kumbukumbu moja, kila moja ikiweza kuandika juu ya nyingine. Niliijaribu mezani kwangu hapa Nkubu kwa wiki nzima. Ikaenda vizuri. Masanduku yakauzwa.

Usiku mmoja sanduku lililokuwa upande wa Mitunguu, kwa mama mmoja mwenye kitalu cha miche ya ndizi, lilipokea SMS ambayo haikutoka kwetu. Lilikuwa tangazo la shindano, kama yale ambayo mimi na wewe tunayafuta kila siku bila kuyasoma. Watu wa matangazo hawapotezi nafasi. Ujumbe ulikuwa na herufi 160 kamili.

Mimi nilikuwa nimeutengea ujumbe nafasi ya herufi 160, kwa sababu SMS moja ni herufi 160. Walioandika lugha ya C wameshaanza kucheka. C huweka sifuri moja mwishoni mwa maandishi ili kuonyesha yameishia wapi. Sifuri hiyo ilikosa nafasi, ikaandikwa mlango wa pili. Na aliyekuwa akiishi mlango wa pili ni namba inayosema maji yakishuka hadi hapa, zima pampu. Namba hiyo ikawa sifuri.

Kisima kikakauka. Sanduku likaona kiwango bado hakijashuka chini ya sifuri, likaridhika. Pampu ikazunguka mkavu hadi ikaungua. Mtu yeyote anayelijua jua la Mitunguu anaweza kukisia hali ya ile miche wiki iliyofuata.

Nilipata kosa hilo kwa saa moja. Nilimweleza bosi. Akasema: "Ongeza baiti moja, tuendelee." Mama aliambiwa stima ilipanda ghafla ikaunguza mota, na pampu mpya akanunua yeye. Mimi nilijua, nikanyamaza, nikalipwa.

Haya basi. Mwezi uliopita kampuni ileile imenipigia. Wanaingia kwenye pikipiki za umeme. Wanataka kidhibiti cha betri: kipime joto na chaji ya seli, kizime betri ikipata moto kupita kiasi, na pia kiwasiliane na seva ili asiyelipa afungiwe. Nikauliza tutaanzia wapi. Jibu: "Tumia msimbo wa pampu, umeshajaribiwa sokoni."

Umejaribiwa sokoni! Kwa miche ya nani?

Nimekataa kazi hiyo. Na hapa ndipo ugomvi wangu unapoanza, kwa sababu nikiwaeleza wenzangu wa fani hii, wengi wananiona mpumbavu. Wanasema kasoro ilikuwa baiti moja, imesharekebishwa, shida iko wapi?

Shida ni hii. Baiti ilikuwa kasoro yangu. Kosa letu ni kwamba hakukuwa na ukuta. Hakuna sababu yoyote, mbinguni wala duniani, ya kufanya sehemu inayosoma SMS za watu wasiojulikana iwe na uwezo wa kugusa namba inayolinda mota. Leo nimeziba tundu la herufi ya 161. Kesho atakuja mwenzangu na tundu lake, kwa sababu sisi ni binadamu na programu huandikwa na binadamu. Swali la maana si kama kutakuwa na kasoro. Swali ni kasoro ikitokea itafika wapi.

Sisi watu wa upande huu wa Mlima Kenya tusingehitaji kuambiwa hili. Mnakumbuka tarehe 7 Juni 2016? Tumbili alipanda juu ya kituo cha umeme cha Gitaru, pale mto Tana chini ya Embu, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mzigo ukaziangukia mashine nyingine, nazo zikazidiwa zikajizima. Zikapotea megawati zaidi ya 180, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mmoja! Watu walicheka dunia nzima (na tumbili mwenyewe alipona). Lakini mhandisi hatakiwi kumcheka tumbili. Anatakiwa kuuliza kwa nini jambo la mahali pamoja halikubaki mahali pamoja.

SMS ya tangazo ilikuwa tumbili wangu.

Sasa, dawa ipo, na ni ya zamani kuliko wengi wetu tunaosoma hapa. Mwaka 1981 John Rushby, akiwa Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne kule Uingereza, aliandika makala akitetea kitu alichokiita kerneli ya utenganisho. Kerneli, kwa mgeni wa mambo haya, ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, inayogawa prosesa na kumbukumbu kwa programu nyingine. Wazo la Rushby ni rahisi: kerneli ifanye mashine moja ionekane kama masanduku kadhaa yaliyo mbalimbali, yaliyounganishwa kwa nyaya chache zinazojulikana. Kilicho ndani ya sanduku hili hakiwezi kuona wala kugusa kilicho ndani ya lile, ila kupitia waya uliowekwa makusudi. Ukitaka kujua nini kinaweza kumdhuru nani, unahesabu nyaya.

Siku hizi vyumba hivyo huitwa patisheni. Mimi nitaviita vyumba tu. Kuta zake ni za aina mbili, na zote mbili ni lazima.

Ukuta wa kwanza ni wa kumbukumbu. Silikoni yenyewe hukagua kila anwani. Chumba cha SMS kikijaribu kuandika nje ya eneo lake, prosesa inakataa papo hapo na kumwita kerneli. Kerneli inakisimamisha chumba hicho na kukiwasha upya. Vyumba vingine havijui hata kama kuna jambo limetokea. Sifuri yangu ingegonga ukuta, modemu ingepotea hewani kwa sekunde chache, na mama angelala na kuamka na pampu yake.

Ukuta wa pili ni wa muda, na huu ndio watu husahau. Kama umewahi kuwa mwanachama wa mradi wa maji unaujua tayari. Maji yanatoka mlimani kwa zamu. Saa zako zikifika, mlinda mradi anafungua vali yako. Zikiisha, anafunga, hata kama bado unanyunyizia. Jirani akiacha mabomba wazi, atapoteza maji ya zamu yake, si ya zamu yako. Bila zamu, aliye juu anamaliza maji na aliye chini anaimba. Kerneli yenye vyumba hufanya hivyohivyo na prosesa: kila chumba kina dirisha lake la milisekunde kadhaa, ratiba imeandikwa kabla kifaa hakijatoka kiwandani, na hakuna anayeomba kuongezewa. Kwenye sanduku langu, modemu ilipokosa mtandao ilikuwa inahangaika nusu dakika nzima, na wakati huo hakuna aliyekuwa anaangalia kisima. Hebu fikiria nusu dakika hiyo kwenye betri inayopata moto kati ya miguu ya kijana wa bodaboda.

Haya si mawazo ya vitabuni. Ndege zimeyatumia kwa miaka mingi chini ya kanuni iitwayo ARINC 653. Zile Boeing 787 ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea 2014 zina kompyuta kuu zinazobeba kazi nyingi ambazo zamani kila moja ilikuwa na sanduku lake. Kilichowezesha kuzirundika pamoja ni mfumo wa uendeshaji wenye vyumba. Huko hakuna anayeomba ukuta kama fadhila.

Mkitaka kuona tofauti ya kuwa na ukuta na kutokuwa nao, chukueni visa viwili vya Marekani vya miaka ileile.

Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwenye Jeep Cherokee iliyokuwa ikiendeshwa barabarani, wao wakiwa mbali, kupitia mtandao wa simu. Walianzia kwenye redio! Kutoka redio wakafika kwenye chipu iliyounganishwa na nyaya za gari, wakaiwekea programu yao, kwa sababu chipu haikuuliza programu mpya imetiwa saini na nani. Kutoka hapo wakaanza kuliamrisha gari. Kampuni ikalazimika kurekebisha magari milioni 1.4.

Katika miaka hiyohiyo, shirika la utafiti wa ulinzi la Marekani, DARPA, lilikuwa na mradi ulioitwa HACMS. Kwenye helikopta isiyo na rubani ya Boeing, Little Bird, waliweka kerneli ya seL4. Hii ni kerneli ndogo, mistari elfu nane na mia kadhaa ya C, ambayo kundi la Gerwin Klein na Gernot Heiser kule Sydney lilithibitisha mwaka 2009, kwa hesabu iliyokaguliwa na kompyuta, kwamba inafanya kile maelezo yake yanachosema. Kisha wavamizi wa kulipwa wakapewa ufunguo wa chumba kimoja kizima, yaani hawakuhitaji hata kuvunja mlango. Waliweza kukivuruga chumba walichopewa. Kutoka nje ya chumba hicho hawakuweza.

Redio ya gari upande mmoja, chumba kizima upande wa pili. Mnaona tofauti? Wavamizi wa helikopta walipewa zaidi na wakapata kidogo.

Sasa nijibu wale wanaonipigia kelele.

"Hii si ndege, ni kifaa cha bei rahisi." Ndiyo, na aliyekinunua hana cha akiba. Shirika la ndege lina bima, mawakili na ndege nyingine. Mama wa Mitunguu alikuwa na pampu moja. Na betri ya lithiamu haiulizi kama pikipiki ilinunuliwa kwa mkopo kabla ya kushika moto.

"Weka saa ya mlinzi inatosha." Hiyo ni ile saketi inayowasha kifaa upya kikizubaa. Nilikuwa nayo! Sanduku langu halikuzubaa hata kidogo. Lilifanya kazi usiku kucha, kwa bidii, kwa kufuata namba mbovu. Saa ya mlinzi inajua kama programu iko hai. Haijui kama imerukwa na akili.

"Tutasasisha kwa mtandao." Wapendwa, mmesahau 2024? Tokeni za mita zilikuwa zikibeba hesabu ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, kwa biti 24, na hesabu hiyo ilikuwa inaisha tarehe 24 Novemba 2024. Kenya Power ilibidi iwatumie wateja tokeni za ziada, tarakimu ishirini mara mbili, kabla ya ile ya kununua umeme, na kila mtu akazibonyeza kwa kidole kwenye mita yake. Hata mahali ambapo tarehe ilijulikana miaka mingi mbele, dawa ilipitia vidole vya bibi kijijini. Kifaa ukishakipigilia ukutani, kinaishi kuliko mkataba wako, pengine kuliko kampuni yako. Na ule mlango wa kusasisha nao ni mlango. Waulizeni watu wa Jeep.

"Chipu zetu ni ndogo mno." Baadhi, kweli. seL4 inataka prosesa yenye usimamizi kamili wa kumbukumbu, na nyingi za kwetu hazina. Lakini chipu nyingi za familia ya Cortex-M zina kitengo cha kulinda kumbukumbu, MPU, na kwenye M3 na M4 huwa kina maeneo manane. Manane yanatosha kumtenga modemu na mota! Zephyr inaweza kukitumia. FreeRTOS ina toleo la kukitumia. Tock imeandikwa kwa ajili ya kazi hiyo. Vyote ni vya bure, na seL4 yenyewe msimbo wake umekuwa wazi tangu 2014. Tatizo ni kwamba kitengo kimezimwa, kwa sababu mfano uliokuja na chipu ulikizima na sisi tunanakili mifano. Nimeona mbao za saketi ambazo wenyewe wameulipia ukuta ndani ya silikoni na hawajawahi kuusimamisha.

Na kama kweli huna MPU, nunua chipu mbili. Sicheki. Moja ya modemu na malipo, moja ya mota na vipimo, waya tatu katikati, na kwenye waya hizo maneno mawili tu yanaruhusiwa kupita: ruhusa ya kuwaka, na zima. Chipu ya mota ina haki ya kukataa ya kwanza. Huo ndio wazo la Rushby bila kerneli yoyote, masanduku halisi na nyaya halisi, na fundi yeyote wa redio hapa stendi anaweza kukuunganishia.

Lakini nisiwauzie dawa ya kila ugonjwa. Ukuta hauponyi ujinga. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ET302 ilianguka ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Walikufa watu 157, Wakenya wakiwa 32. Programu ya MCAS iliamini kipimo kimoja kibovu na kuendelea kuielekeza pua ya ndege chini. Hakuna chumba kilichomvamia mwenzake pale. Chumba chenyewe kilipewa amri mbaya na mamlaka makubwa mno. Ukuta unazuia kosa lisisambae. Hauzuii kosa uliloliandika wewe mwenyewe ndani ya chumba sahihi. Tena kuna njia za chini ya ukuta: ukiiruhusu modemu kumwaga data kwenye kumbukumbu moja kwa moja bila kupitia prosesa, kwenye chipu nyingi MPU haitaiona ikipita. Hayo ni kweli yote. Lakini mtu asiniambie kwamba kwa kuwa mlango wa chuma hauzuii malaria, basi tulale mlango wazi.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika programu za masanduku haya, na ninyi mnaotoa pesa za chama au za ushirika kuyanunua, ulizeni maswali matatu kabla ya kutia saini. Sehemu inayoongea na mtandao inaweza kugusa kumbukumbu ya sehemu inayoongea na mota, betri au dawa? Ikikwama, inaweza kuzila dakika za wengine? Ikifa peke yake, kifaa kinabaki katika hali gani? Muuzaji akishindwa kujibu, au akijibu kwamba "haijawahi kutokea", funga pochi. Haijawahi kutokea ndivyo Gitaru ilivyokuwa hadi asubuhi ya Juni 7.

Na wewe mwenzangu wa mkataba, kijana uliyepewa ile kazi niliyoikataa (najua wameshampata mtu, na pengine unasoma hapa): sikulaumu, kodi ya nyumba hailipwi kwa kanuni. Lakini kabla hujafungua ule msimbo wa pampu, fungua faili ya modemu na utafute namba 160. Utaona nimeigeuza 161. Hakuna maelezo pembeni. Niliona aibu kuyaandika. Ndio urithi niliokuachia, na nakuomba uutupe wote uanze na kuta.

Limebaki jambo moja ambalo si la kompyuta. Yule mama bado anaamini ni stima. Kesho ni siku ya soko, matatu za Mitunguu zitakuwa nyingi stendi. Napanda ya asubuhi. Sina pesa ya pampu nzima, nina ya nusu, na nina sanduku jipya la chipu mbili nililolijaribu kwa SMS za herufi 160, 161 na elfu moja.

Atakachoniambia nitawaandikia. Tusi lolote nitalikubali.